Fundi wa Wachezaji Waliobaki

Nikimtaja Fundi mbele ya watu waliomjua, wa kwanza kucheka hukumbuka uongo wake. Hakuna mtu wa Makomeno, mtaa wetu hapa Lubumbashi, aliyewahi kuvaa nguo ya Fundi siku aliyoahidiwa. Mabwana harusi walikwenda kanisani na suti za kuazima. Mtoto wangu wa kwanza alibatizwa kwa gauni la binamu yake, na gauni lake mwenyewe, jeupe, zuri kupita kiasi, lilitoka mikononi mwa Fundi wakati mtoto ameshaanza kutembea, wala halikumwingia tena. Ukimfuata kibandani, aliinua kichwa, akatoa pini mdomoni, akakutazama kwa macho ya mtu asiye na dhambi.

"Mama, inabakia kifungo tu. Kuya kesho."

Kifungo! Kitambaa chenyewe kilikuwa kimekunjwa kwenye rafu, mkasi haujakigusa, na wewe unakiona. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini siku waliyosema hayo nadhani Fundi alikuwa hayupo. Ninaanza na uongo huu kwa sababu ndio ulionifanya nichelewe sana kumwelewa mtu niliyeketi naye miaka yote ile.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ilikuwa miaka ambayo kampuni ya shaba, iliyokuwa ikilisha nusu ya mji, ilianza kuporomoka, na serikali ikasahau kwamba walimu nao hula. Nikaweka ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, pembeni ya kibanda cha Fundi. Nilipachagua mahali pale kwa sababu ya benchi. Lilikuwa benchi refu la kanisa, sijui alilipata kwa padri gani, na kila Jumatatu lilijaa wanaume wenye kiu. Kiu yao ilitokana na kubishana juu ya timu. Jina la timu silitaji. Mji wetu una timu zake, na ukitaja moja umeshagombana na nusu ya wasomaji. Wiki za kwanza nilikuwa nauza tu. Halafu siku moja mtu akamtukana beki niliyempenda, nikaweka kikombe chini, nikajibu, na tangu hapo nikawa mwanamke pekee katika benchi lile. Waliniita Mama Arrière, yaani Mama Beki, kwa kuwa nilitetea mabeki tu.

Benchi lilikuwa na desturi yake, na ya namna ile sijaiona mahali pengine. Msimu ukianza, baada ya mechi za kwanza, kila mmoja wetu alichukua mchezaji mmoja katika wale wapya. Tulisema amechukua mtoto. Kuanzia Jumatatu ile wewe ni papa yake, ama mama yake, na utamtetea mpaka filimbi ya mwisho ya mechi ya mwisho ya msimu. Ruhusa ulikuwa nayo ya kukiri makosa yake. Ulichokatazwa ni kumwacha. Aliyesema "huyu nimemwacha" aliinuka, akatoa nafasi yake, na mabishano yake yote yaliyobaki mwaka ule aliyafanya kwa miguu, amesimama juani kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nimeona watu wazima, wenye cheo na matumbo yao, wakisimama hivyo miezi. Wachezaji wenyewe hawakujua lolote. Walipita barabarani, na papa zao wakawatazama tu.

Katika kuchagua, Fundi alikuwa wa mwisho daima. Kibanda kilikuwa chake, benchi lake, desturi pengine aliianzisha yeye, lakini alikanyaga mashini yake ya kushona, kichwa chini, akangoja tugombanie wazuri. Tulipomaliza aliuliza, "Nani anabakia?" Tukamtajia. Huyo ndiye aliyekuwa wake. Hivyo kila mwaka alipata kipa asiyeona mipira ya juu, ama mshambuliaji mwoga wa kupiga mpira kwa kichwa. Nilimwambia mara moja kwamba huo si unyenyekevu, ni kiburi cha namna nyingine. Alifikiri kidogo, akasema, "Inawezekana, mama," akaendelea kushona.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa dereva wa lori la unga na makaa, mtu mwenye sauti ya kuvuka barabara. Dereva alichagua wa kwanza kila mwaka, tena alichagua nyota. Methali yake ilikuwa moja. "Nyota njema huonekana asubuhi!" alipiga kelele, na kumhesabia mchezaji wake mabao ya mechi za kwanza.

"Asubui ya wapi?" Fundi alijibu. "Hapa mu saison ya mvua, asubui unaonaka mawingu tu."

"Papa Fundi, ule wako hata mupira inamukimbia!"

"Iko kitambaa bado."

Neno hilo ndilo lake. Iko kitambaa bado: bado ni kitambaa, hajawa nguo. Alilisema juu ya kila mchezaji mpya, wa kwake na wa wengine. Alitueleza kwamba kitambaa kikitoka dukani kinadanganya. Kimevutwa na mashine za kiwanda, kinaonekana kirefu. Fundi mwenye haraka anakikata siku hiyohiyo, na suruali ikifuliwa inapanda juu ya vifundo. Lazima ukilowanishe, ukianike, ukiache kirudi urefu wake mwenyewe, ndipo uchukue mkasi. "Muchezaji njo vile," alisema, yaani mchezaji naye ndivyo alivyo. "Hii ba match ya kwanza, makofi inamuvuta. Ao mazomeo inamukunja. Bado hamuyamuona." Kumbe pengine ndiyo sababu nguo zetu hazikutoka. Tulimwambia hivyo, naye akacheka mpaka pini zikamwanguka.

Msije mkadhani alikuwa mtabiri. Alikosea mara nyingi kuliko alivyopatia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ni kweli, na nyota kadhaa za Dereva zilizimika kabla ya Krismasi. Lakini wachezaji wa Fundi wengi hawakuwahi hata kuwaka. Kipa mmoja alimtetea msimu mzima, na msimu mzima tulifungwa. Ajabu ni kwamba baada ya kumsikiliza Fundi huwezi kumzomea tena yule kipa. Fundi alikwambia jinsi kipa anavyopiga magoti kabla ya mechi kusafisha mistari ya goli kwa mkono, na Jumapili unajikuta unamtazama mikono, unamwonea huruma, na bao linaingia nawe umenyamaza.

Tena uwanjani kwenyewe alikuwa kichekesho. Mtoto wake alipopata mpira, Fundi aligeuka akaupa uwanja kisogo. Hakuweza kutazama. Alitazama nyuso zetu, na kutoka nyuso zetu alijua kama krosi imepita au imekwenda kwa wauza karanga. Mtu aliyetetea wachezaji kuliko sisi wote hakuwaona wakigusa mpira. Nilimuuliza anawezaje kumtetea mtu asiyemtazama. Akanijibu kwamba mimi nami humtetea Mungu darasani. Sikupenda jibu lile.

Basi, ukaja msimu wa Kamba.

Kamba alikuwa winga wa kushoto, kijana mwembamba mwenye miguu mirefu. Jina tulimpa sisi, kwa sababu alijikwaa kama mtu aliyefungwa kamba. Mechi ya kwanza aliteleza mbele ya goli tupu. Ya pili alipiga krosi tatu, zote tatu zikavuka ukuta wa uwanja. Jumatatu tulipochagua, hakuna aliyelitamka jina lake isipokuwa kwa kucheka. Fundi aliuliza nani anabakia, tukamwambia kwa furaha kabisa, naye akaitika kwa kichwa.

"Huyu hata wewe, Papa Fundi, utasimama," Dereva akasema.

"Iko kitambaa bado."

Kamba alizaliwa hapahapa Lubumbashi, akasoma hapahapa, lakini wazazi wake walitoka Kasai, mkoa mwingine wa nchi yetu. Kwa miaka mingi hilo halikuwa neno. Mwaka ule likawa neno. Wakubwa walisema kwenye redio na kwenye mikutano kwamba kazi zimekwisha kwa sababu ya watu wa Kasai, na kwamba warudi kwao. Watu walifukuzwa kazini, halafu majumbani. Majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi walianza kutazamana nyumba. Kulikuwa na jina la kuwadharau, ambalo sitaliandika. Familia nzima zilihamia kituo cha treni na magodoro yao, zikingoja mabehewa ya kuzipeleka mahali ambapo watoto wao hawajawahi kupaona.

Jumatatu moja Kamba alikuwa amecheza vibaya tena, na Dereva alisimulia makosa yake moja baada ya jingine. Tulicheka. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kucheka, "Lakini munashangaa nini? Ule iko muntu ya kule. Atatuchezea na roho gani?"

Mashini ikanyamaza. Sikuwahi kujua kwamba ilikuwa na kelele mpaka siku ile iliponyamaza.

"Hapa tunasemaka miguu," Fundi alisema.

"Minasema ukweli, papa."

"Sema miguu. Sema anaanguka, minakubali. Sema centre yake, ile krosi, inaenda ku barabara, minakubali. Mi nashoneaka bantu suruali, siyamuuliza hata mumoja baba yake alizaliwa wapi. Nauliza kiuno."

Wengine walicheka, mimi pia. Dereva hakucheka. Aliinuka akaenda kwenye lori lake, na Jumatatu zilizofuata alikuja lakini hakuketi. Aliegemea ukuta. Hakuwa amemwacha mchezaji yeyote, wala hakuna aliyemwambia asimame.

Habari husafiri. Kwamba kuna fundi Makomeno anayemwita winga yule mtoto wake, ilifika masikioni mwa vijana waliokuwa wakizunguka mitaani siku zile kuwafukuza watu wa Kasai. Walikuja mchana, tukiwa tumeketi. Timu ilikuwa imeshamwondoa Kamba kikosini bila maelezo. Kiongozi wao hakuwa mkali. Aliongea kwa adabu, na hilo lilinitisha zaidi.

"Papa, tunasikia ule Mukasai njo mutoto yako."

"Njo mutoto yangu. Ya ku banc, hii benchi."

"Basi sema unamuacha. Sema tu hapa, mbele ya bantu, na sisi tunaenda."

Maneno mawili. Timu yenyewe ilikuwa imemwacha. Kijana mwenyewe asingejua. Na macho ya wale vijana yalikuwa kwenye mashini, kwa hiyo sote tulielewa bei. Mashini ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha mke wake, binti yake na mama mkwe wake. Fundi aliitazama kwa muda. Niliomba kimoyomoyo aseme. Mtu huyu alikuwa amemdanganya kila mtu mtaani. Uongo mmoja zaidi ungemgharimu nini?

"Championnat inaisha?" akauliza, yaani ligi, imekwisha au bado?

"Nini?"

"Minauliza, championnat inaisha?"

"Haiyaisha," kijana akajibu, ameduwaa.

"Basi."

Akabaki ameketi. Wawili walinyanyua kichwa cha mashini, wa tatu akabeba miguu yake ya chuma, wakaondoka nayo katikati ya barabara bila haraka. Fundi aliweka mikono chini ya mapaja. Akawa anatazama mahali mashini ilipokuwa, ambapo sakafu ilikuwa na rangi nyingine. Siku ile nilimwogopa, vile mtu anavyoogopa akiingia kanisani peke yake. Nilikuwa nimeketi karibu na mtu mkubwa na sikuwa nimejua.

Siku chache baadaye alikuja kwangu asubuhi, amevaa suti yake mwenyewe, na kifurushi kwapani. Alitaka nimsindikize kituoni. Alisema mwanamke akiwepo, watu hawaulizi sana.

Kituo kilikuwa kimejaa mpaka relini. Watu walipika kati ya masanduku. Tulimkuta Kamba ameketi kwenye kitanda kilichopinduliwa, karibu na mama yake. Fundi alisimama mbele yake.

"Njo weye winga ya kushoto?"

Kijana aliinuka taratibu. Siku zile aliyekuuliza hivyo hakukutakia mema. "Njo mi, papa."

"Mi njo papa yako."

Kamba alimgeukia mama yake. Mama yake alimtazama Fundi kwa jicho la kutaka maelezo, tena upesi. Ikabidi mimi niingie kati, nieleze benchi, na watoto, na filimbi ya mwisho. Walisikiliza mpaka mwisho. Kijana akauliza, polepole, "Mu bachezaji yote, njo mi ulichagua?"

Ulikuwa wakati mzuri wa kudanganya, na bingwa wa uongo alikuwa amesimama pale.

"Hapana," Fundi alisema. "Ulibakia."

Kamba akacheka. Mama yake naye akacheka, amefunika mdomo kwa kitenge.

"Ulibakia, njo nikakukamata. Sasa siwezi kukuacha. Lakini sikia. Unapiga mupira, njo unaangalia. Angalia kwanza, njo upige. Miguu yako haina mubaya. Macho njo inachelewa."

"Ndiyo, papa."

Halafu akafungua kifurushi. Lilikuwa koti, zito, la kijivu, limeshonwa lote kwa mkono. Hakuwahi kumpima kijana yule. Sijui ni lini alimtazama vya kutosha, maana uwanjani alimpa kisogo. Kamba alilivaa, na mabega yakakaa, na mikono ikaishia pale inapotakiwa kuishia. Nami nikakitambua kile kitambaa. Kilikuwa cha suti ya mume wangu, suti iliyobakia kifungo tu tangu mwaka uliopita.

Ilikuwa nguo ya kwanza, kwa ninavyojua, ambayo Fundi aliitoa kwa wakati. Treni iliondoka jioni ileile.

Baada ya hapo ligi nayo ikakatika. Timu hazikuweza kusafiri, viwanja vikafungwa, na msimu ule ukafa bila bingwa na bila mechi ya mwisho. Miaka ikapita, vita vikaja na kwenda, misimu mipya ikaanza na kuisha. Fundi alipata mashini nyingine, akaendelea kudanganya mji. Alisikiliza, alibishana, alitetea watoto wa wengine pale papa zao walipolegea. Ila tulipochagua, hakuuliza tena nani anabakia. Tulidhani amechoka.

Mwaka jana nilikwenda mtaa wa Ruashi kumwona Fundi, kwenye lupango, yaani kiwanja, la binti yake, karibu na mgodi, ambako vumbi la malori huingia mpaka kwenye bukari, ugali wetu. Macho yake yamekwisha kabisa, haoni. Benchi liko uani. Dereva ndiye aliyelihamisha kwa lori lake, binti akanieleza. Alilishusha, akalifuta vumbi, na alipokaribishwa akasema yeye atasimama.

"Njo Mama Arrière?" Fundi alisema aliposikia sauti yangu. "Mwambie bwana, suti yake inabakia kifungo tu."

Nilimjibu kwamba bwana amenenepa, aongeze kitambaa. Vijana watatu wa jirani walikuwa wameketi na simu zao, wakibishana juu ya winga mpya, aliyeanza msimu vibaya. Desturi bado wanaifuata. Winga huyo amebaki, hana mtu. Mmoja wao akamwambia Fundi, kama mjukuu kwa babu, "Nkambo, mukamate weye."

"Siwezi. Niko na wangu."

"Wako nani?"

"Mama huyu anamujua. Championnat yake haiyaisha."

Hapo ndipo nilipoelewa: filimbi ya mwisho ya msimu ule wa Kamba haikupigwa kamwe. Niliketi karibu naye, nikamuuliza kama amewahi kupata habari za Kamba. Alisema hapana, hata moja. Mabehewa yale, sote tunajua, si wote waliopanda walioshuka. Nikamwambia, kwa upole niliouweza, "Papa Fundi, na kama alikufa?"

"Kama alikufa, nani atamutetea?"

Vijana waliacha simu zao. Fundi aligusa nafasi iliyobaki kwenye benchi, akajisogeza, akaweka mikono magotini kama zamani.

"Anza, mama. Sema mabaya yake yote. Mi niko."

Kwa hiyo nikaanza. Nilisema alianguka mbele ya goli tupu. Akakubali. Nilisema krosi zake zilivuka ukuta. Akakubali, lakini akaeleza habari ya macho, na kwamba mtoto ameshaambiwa, na anasikia akiambiwa. Nikasema mwisho kwamba hata kama yuko hai, Papa Fundi, leo ni mtu mzima, ana mvi, ana wajukuu, mguu ule wa kushoto hauwezi tena kitu.

Alinigeuzia uso, akatabasamu kwa subira, kama mtu anayefundisha mgeni.

"Ule? Iko kitambaa bado."